Mkono wa Fundi Unalipwa Wapi?

Januari 2022 kampuni ya Leica ya Ujerumani ilitoa kamera mpya, M11, kwa bei ya dola 8,995 za Marekani. Hiyo ni kamera tupu, lenzi unanunua mwenyewe. Kwa viwango vya fedha vya siku zile, Mtanzania angehitaji zaidi ya shilingi milioni 20 na Mkenya zaidi ya shilingi milioni moja. Miezi michache kabla ya hapo Sony ilikuwa imetoa A7 IV kwa dola 2,500 hivi. Kamera hiyo ya Sony inatafuta fokasi yenyewe, inalifuata jicho la bwana harusi anapotembea, na inarekodi video. Ya Leica haina video, na fokasi unaizungusha kwa vidole vyako. Inayofanya machache ndiyo ghali, tena zaidi ya mara tatu.

Majibu ninayoyasikia mara nyingi ni mawili. Wapo wanaosema hilo ni jina tu, matajiri wanauziana alama nyekundu iliyobandikwa usoni pa kamera. Wapo wanaosema imetengenezwa kwa mkono, kwa hiyo ni bora, na mjadala umefungwa. Mimi sikubaliani na upande wowote. Naamini mkono wa fundi una thamani halisi na unastahili malipo makubwa, lakini si kila mahali ulipogusa. Mnunuzi asiyejua ni wapi mkono huo unafanya kazi ambayo mashine haiwezi, atalipia pasipostahili na kudharau panapostahili.

Msomaji wa pwani hahitaji maelezo marefu juu ya hili. Kofia ya vitobo inayoshonwa kwa mkono Lamu au Unguja hukaa miezi mikononi mwa mshonaji, na bei yake hailingani kabisa na ya kofia ya mashine iliyoshuka bandarini kwa maelfu. Anayeinunua anajua kwamba analipia siku za mtu. Lakini kofia ile ni ya mkono kuanzia tundu la kwanza hadi la mwisho. Kamera haiko hivyo. Hata ile inayouzwa kwa sifa ya ufundi wa mkono imejaa sehemu zilizochongwa na mashine zinazoongozwa na kompyuta, na kihisi chake, kile kipande cha silikoni kinachopokea mwanga badala ya filamu, hutoka katika viwanda ambamo mtu hagusi chochote kwa vidole. Kwa hiyo lazima tuulize: mkono uko wapi hasa, na unafanya nini?

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya tofauti ya bei. Tuseme kubuni kamera mpya, kuiandikia programu, kuchonga kalibu za kumiminia sehemu zake na kuijaribu hadi ikubalike, kunagharimu dola milioni 20. Kampuni itakayouza kamera hiyo milioni moja inaongeza dola 20 tu juu ya kila moja. Itakayouza 20,000 inaongeza dola 1,000. Hapo fundi hajashika hata bisibisi. Uchache peke yake umeshapandisha bei.

Ndiyo maana simu ya mkononi inabeba kamera nzuri kwa fedha kidogo. Lenzi zake ni za plastiki, zinamiminwa kwenye kalibu. Kampuni ya Largan ya Taichung, Taiwan, imejengeka kwa kazi hiyo. Kazi ngumu ni kuichonga kalibu. Ikishakuwa sawa, inazaa lenzi usiku na mchana, na gharama ya ile akili iliyoibuni inagawanywa kwa mamilioni ya wanunuzi. Simu hizo hizo zimewatesa watengenezaji wakubwa wa kamera. Kwa takwimu za chama cha watengenezaji wa Japani, mwaka 2010 kamera za kidijitali zilizosafirishwa kutoka viwandani zilipita milioni 121. Mwaka 2022 zilikuwa milioni 8 hivi. Waliozoea kugawa gharama kwa wengi sasa wanazigawa kwa wachache, nao bei zao zimekuwa zikipanda bila mkono wa fundi yeyote kuongezwa.

Sasa twende kwa fundi mwenyewe. Oskar Barnack alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha Ernst Leitz mjini Wetzlar, kiwanda kilichojulikana kwa hadubini. Alikuwa na pumu, na kupanda vilima na kamera za wakati ule, nzito, zenye vioo na miguu mitatu, kulikuwa adhabu kwake. Kufikia mwaka 1914 alikuwa ameunda kamera ndogo iliyotumia filamu ya sinema ya milimita 35. Mwaka 1925 ikaonyeshwa hadharani kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig, ikiitwa Leica. Inafaa kukumbuka kwamba ilizaliwa katika kiwanda cha hadubini, chombo ambacho kikikosea kidogo tu daktari haoni kijidudu. Waliotengeneza kamera hiyo walikuwa watu waliozoea kupima vitu visivyoonekana kwa macho.

Mwaka 1954 ikaja M3, na pamoja nayo namna mpya ya kufungia lenzi. Kutoka uso wa pete inapokaa lenzi hadi kwenye filamu ni milimita 27.80. Kipimo hicho hakijaguswa hadi leo. Lenzi iliyotoka kiwandani mwaka ule inakaa kwenye M11 bila kiunganishi chochote, kama ilivyokaa kwenye M3.

Moyo wa kamera hizi ni kipima umbali, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu bila kukielewa hawezi kuielewa bei. Usoni pa kamera kuna vidirisha viwili vilivyoachana kwa karibu sentimita 7. Ukichungulia kwa nyuma, katikati ya kile unachokiona kuna taswira mbili za kitu kimoja, moja kutoka kila kidirisha, na hazijalaliana. Unazungusha lenzi. Ndani ya kamera kuna gurudumu dogo kwenye ncha ya wenzo wa chuma. Sehemu ya nyuma ya lenzi inalisukuma gurudumu, gurudumu linasukuma wenzo, wenzo unasogeza kioo, na taswira ya pili inatembea kuelekea ya kwanza. Zikilaliana zikawa moja, fokasi imeingia. Katika safari yote hiyo hakuna umeme wala kompyuta. Ni chuma kinachosukuma chuma.

Chukua sasa lenzi ya Noctilux ya milimita 50 iliyofunguliwa hadi mwisho, f/0.95, na mtu amekaa mita moja mbele yako. Sehemu ya picha itakayokuwa kali haizidi sana sentimita 2. Jicho likiwa kali, sikio limeshafifia. Ili jicho lile liwe kali kweli, mwendo wa sehemu za mia za milimita nyuma ya lenzi lazima usomwe na gurudumu na kufikishwa kwenye kioo bila kupotea njiani. Na chuma hakitoki kwenye mashine kikiwa kamili. Kila kipande kina upungufu wake mdogo unaokubalika, na ukikusanya vipande vingi upungufu huo unajumlishana.

Hapo ndipo mtu anapohitajika. Fundi anakaa na kamera moja mbele yake, anachungulia alama iliyo mbali, anageuza skrubu kwa kiasi kisichoonekana, anachungulia tena. Kisha anahamia alama ya karibu. Akiisawazisha ya karibu, ya mbali imeharibika kidogo, anarudi. Anakwenda na kurudi hivyo hadi zote mbili zikubali. Hakuna kanuni ya kumwambia azungushe mara ngapi, kwa kuwa kila kamera ina upungufu wake. Mashine inaweza kurudia kazi moja mara milioni. Hii haifanani mara mbili. Dakika za fundi huyo ziko ndani ya ile bei, na hizo naziona halali kabisa.

Kamera ya Sony haimhitaji. Inasoma fokasi kwenye kihisi chenyewe, inasogeza lenzi, inaangalia tena, hadi picha iwe kali. Chuma kikikosea, kompyuta inafidia. Huo ni werevu mkubwa wa wahandisi, na sitausikiliza udhia wa wapenzi wa Leica wanaoubeza. Wajapani waliiondoa ile kazi ya kusawazisha kwa mkono kwa kubuni kamera inayojisahihisha, na kwa kufanya hivyo wakaweka picha nzuri mikononi mwa watu ambao wasingeipata kamwe. Anayelipia Leica ya aina ya M analipia uamuzi wa kubaki na mtambo ambao haukamiliki bila mtu.

Kwenye lenzi hadithi inakaribiana. Kioo cha lenzi bora hupoozwa polepole mno baada ya kuyeyushwa, kwa sababu kikipoa haraka kinabaki na mkazo ndani yake na mwanga haupiti sawasawa. Kisha husuguliwa, hung'arishwa, hupimwa, na kisichofaa hutupwa. Kila kilichotupwa kinalipiwa na kilichobaki. Wetzlar, ukingo wa kila kioo unapakwa rangi nyeusi kwa brashi na mtu, kioo kikizunguka taratibu, ili mwanga usirukeruke ndani ya lenzi na kuififisha picha. Tarakimu zilizochongwa kwenye pete nazo hujazwa rangi kwa mkono. Ujerumani anayetaka kuitwa fundi wa vioo vya aina hii anakaa kwenye uanagenzi miaka mitatu na nusu, na analipwa mshahara wa Ujerumani.

Lenzi nyingi za kisasa, zikiwemo za bei kubwa, zinaruhusiwa kupotosha mistari kwenye kingo za picha; programu iliyo ndani ya kamera inainyoosha kabla hujaiona. Lenzi ya M lazima itumike pia kwenye kamera za filamu, na filamu haina programu ya kumsaidia mtu. Makosa yasahihishwe kwenye kioo, au yabaki. Kuyasahihisha kwenye kioo ni ghali.

Lakini kuna mahali ambapo mkono ulitumika na sioni sababu. Aprili 2014 Leica ilitoa kamera iliyoitwa T. Mwili wake ulichongwa kutoka bonge moja la alumini la kilo 1.2, na uliobaki baada ya kuchongwa ulikuwa na uzito wa gramu 94. Kisha mfanyakazi aliung'arisha kwa mkono kwa dakika 45. Kampuni ilijivunia dakika hizo kiasi cha kuzitengenezea filamu ndefu ya tangazo inayoonyesha mikono ikisugua tu. Mwili ule ni mzuri kweli ukiushika. Ila kung'arisha hakukuingiza fokasi, hakukunyoosha mstari, hakukuongeza hata siku moja ya uhai wa kamera. Mwaka 2022 kampuni iliufunga ukoo mzima wa kamera hizo. Dakika 45 za kusugua nje na dakika za yule anayesawazisha kipima umbali zote ni kazi ya mkono, na mfanyakazi analipwa sawa kwa zote. Kwa mpiga picha hazina thamani sawa hata kidogo.

Mbali zaidi kuna kamera ndogo za D-Lux. D-Lux 7 msingi wake ni kamera ya Panasonic, Lumix LX100 II, iliyobadilishwa sura na kupewa alama ya Leica, na ikauzwa ghali kuliko nduguye. Hapo wale wanaosema ni jina tu wana haki, na sitawapinga.

Anayedhani gharama hii ni ya Ulaya peke yake aitazame Nikon, kampuni iliyofanya zaidi ya nyingine nyingi kuzishinda kamera za Kijerumani. Ilipotoa Nikon F mwaka 1959 waandishi wa habari walihama kwa makundi. Mwaka 2000 iliamua kuitengeneza upya S3, kamera yake ya miaka ya 1950 yenye kipima umbali, kwa idadi ndogo. Mtambo ule hauwezi kupita kwenye mstari wa uzalishaji wa kisasa. Ilibidi ujuzi wa zamani ufufuliwe na kamera ziunganishwe kwa mikono. Bei ilikuwa yen 480,000, na kwa fedha hizo mtu angepata wakati ule kamera ya kisasa ya kitaaluma ya Nikon hiyo hiyo. Kampuni moja, ya uzalishaji mkubwa, ikifanya kazi ya mkono kwa idadi ndogo, inafika kwenye bei ile ile ya Wajerumani. Huo kwangu ni ushahidi mkubwa kuliko tangazo lolote.

Kuna anayeuliza kwa nini Leica wasiongeze idadi wapunguze bei. Wenzao walijaribu. Rollei ya Braunschweig ilipeleka uzalishaji Singapore mwanzoni mwa miaka ya 1970 ili ishindane na Wajapani kwa bei. Mwaka 1981 ikafilisika. Zeiss Ikon iliacha kutengeneza kamera mwaka 1972. Leica yenyewe ilifika ukingoni mwaka 2005, ikaokolewa na mwekezaji kutoka Austria, Andreas Kaufmann. Kabla ya hapo nayo ilikuwa imebana matumizi: M6 ya mwaka 1984 ilipewa kifuniko cha juu cha zinki badala ya shaba, na miaka ilivyopita baadhi ya vifuniko hivyo vikatoka malengelenge chini ya rangi. Ilipoirudisha M6 sokoni mwaka 2022, kifuniko kilikuwa cha shaba tena, na bei dola 5,295 kwa kamera ya filamu. Sehemu nyingi hutengenezwa kwanza katika kiwanda chake cha Ureno, kilichoanza mwaka 1973, ndipo kamera inakamilishwa Wetzlar. Hata hapo hesabu ya mishahara haijasahaulika.

Kwa hiyo fedha zinakwenda kwenye uchache, kwenye saa za watu wachache wenye ujuzi, kwenye vilivyotupwa, na nyingine kwenye jina. Lipo fungu la mwisho, ambalo naona ndilo zito kuliko yote: ahadi kwamba kitu kitatengenezeka. Kamera iliyounganishwa kwa mkono inafunguka kwa mkono. M3 ya mwaka 1954 ikikwama shata, fundi mwenye ujuzi anaifungua, anaisafisha, anaipaka mafuta, anaifunga, na inarudi kazini. Aliyeinunua akiwa kijana amemwachia mjukuu. Ukiigawa bei kwa miaka 70, si ghali.

Na hapo hapo ndipo ninapoidai Leica, kwa sababu kamera zake za kidijitali zimeitikisa ahadi hiyo. M9, iliyotoka mwaka 2009, ilikuwa na kihisi ambacho kioo chake cha kinga kilipata kutu. Kampuni ilibadilisha vihisi kwa miaka kadhaa, na hilo nalihesabu kwa heshima. Lakini mwaka 2020 akiba ya vihisi iliisha, na mwenye M9 iliyoharibika akabaki na mwili wa magnesiamu na shaba, kipima umbali kilichosawazishwa kwa makini, na ndani yake kipande cha silikoni kisichopatikana tena. Mkono wa fundi hauwezi kukiunda. Mnunuzi wa M11 analipa bei ya kitu cha vizazi vitatu kwa chombo ambacho moyo wake unategemea akiba ya ghala. Kwa kamera ya filamu naitetea bei bila kusita. Kwa ya kidijitali naitetea nusu.

Vijana wanaopiga picha za harusi na mahafali huniuliza kama kuna siku wajinyime waifikie kamera ya namna hii. Nawaambia hapana. Kazi yao inahitaji kamera inayojitafutia fokasi gizani ukumbini, inayorekodi video, na ambayo ikianguka inapatikana nyingine kesho. Wanunue ya kiwandani, hata iliyotumika. Tofauti ya fedha hizo inalipa lenzi mbili nzuri, taa na kompyuta.

Ninachowatakia ni kingine. Kamera zao pia zidumu miaka. Afrika Mashariki kamera inapita mikono mingi kabla ya kufa: inatoka kwa aliyeinunua mpya, inakwenda kwa mwanafunzi wa uandishi, inakwenda kwa mpiga picha za pasipoti wa mji mdogo. Mafundi wetu wanaweza kubadilisha shata na kioo cha nyuma kama kipuri kipo na maelekezo yapo. Mara nyingi havipo, na kamera yenye kasoro ya kipande kimoja inauzwa kwa vipande. Sehemu ya unafuu wa kamera ya kiwandani inatokana na uhuru wa mtengenezaji kutowajibika nayo baada ya miaka michache, na anayebeba gharama hiyo ni huyu mnunuzi wa tatu.

Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki ya matengenezo, inayowalazimisha watengenezaji wa bidhaa zilizotajwa ndani yake kuzitengeneza kwa bei ya haki hata dhamana ikiisha. Nchi wanachama zilipewa hadi Julai 31, 2026 kuiingiza kwenye sheria zao. Mashine za kufulia zimo, majokofu yamo, simu zimo. Kamera hazimo kwenye orodha hiyo, wala ya dola 2,500 wala ya dola 8,995, na nataka zote mbili ziongezwe.